Tete ya Mzazi

Siku ya kumi na moja baada ya kujifungua, binti yangu alivaa buibui lake, akamviringa mwanawe katika kanga, akanikabidhi, kisha akaelekea mlangoni. Mimi nilikuwa jikoni nikitwanga pilipili manga kwa ajili ya uji wake. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Nashuka chini, Mama. Natembea kidogo, narudi."

Nilisimama baina yake na mlango, mtoto begani na mchi ungali mkononi. Nikamwambia kwamba mzazi wa siku kumi na moja hatembei. Kwamba ngazi za Michenzani si za mtu aliyeshonwa. Kwamba majirani wa ghorofa nzima wangesema mama yake amekufa, hana wa kumkataza. Hakunijibu. Alirudi chumbani akatoka na kijitabu chembamba ambacho karatasi zake zimekwisha geuka rangi, akanisomea aya moja kwa sauti ile anayotumia skuli anapofundisha. Aya ilimtaka mzazi aliyejifungua kwa njia ya kawaida, na asiye na tatizo, aanze kutembea kidogo kidogo mara tu anapojihisi kuweza, na aongeze siku hadi siku. Kisha akanionesha jalada la nyuma, palipoandikwa kwa herufi ndogo jina la mfasiri.

"Si wewe uliyeandika, Mama?"

Ni mimi. Hiyo ilikuwa mwaka 2023, na kijitabu chenyewe nilikifasiri mwaka 2009 kwa ajili ya asasi moja ya afya iliyonilipa kwa kurasa. Nilikuwa nimefasiri kwa uaminifu, nikapokea ujira wangu, nikanunua kamusi mpya na pazia la ukumbini. Haikunipitikia hata siku moja kwamba maneno yale yangenirudia nyumbani kwangu yakiwa yamevaa buibui.

Msomaji na aniwie radhi kama nitaanza na neno kabla ya mwili, kwani hiyo ndiyo njia niliyoizoea. Mimi sikusoma zaidi ya kidato cha pili. Kiingereza nilijifunza kwa redio na kwa kamusi iliyokosa jalada, na ushairi nilijifunza kwa kusikiliza barazani kutoka upande wa ndani wa dirisha. Mtu aliyejisomesha namna hiyo haamini neno mpaka aligeuze mara tatu. Na neno "kutembea" liligeuka mkononi mwangu vibaya. Kwetu sisi wa visiwani, kutembea si kupeleka miguu tu. Mtu akisema "jana nilitembea" maana yake alikwenda kumtazama jamaa, akakaribishwa, akanywa kahawa, akarudi na habari. Na mke anayesemwa kuwa "anatembea" amekwisha haribiwa jina. Basi toleo la kwanza lilipogawiwa, tukaletewa malalamiko ya bibi mmoja wa shamba, aliyewauliza wauguzi kwa upole wa kutisha: je, siku hizi kliniki ndiyo inayomfunza mzazi kuzurura?

Toleo la pili nikaandika "kwenda kwa miguu". Likaja swali jingine: kwani sisi tunakwenda kwa nini, kwa magari? Toleo la tatu nikatia "mazoezi ya kwenda kwa miguu", na nikajua nimeshindwa, maana neno "mazoezi" kwa wanawake wa umri wa mama yangu lilikuwa na harufu ya kambi ya jeshi na kiwanja cha mpira. Binti yangu, bahati yake, alikuwa na toleo la kwanza.

Nilimwachia mlango siku ile? La. Nilimwambia angoje baba yake arudi, jambo ambalo sote wawili tulijua si hoja. Akavua buibui, akakaa, akanywa uji, akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikonitia shughuli, kwani nilikutambua. Nilikwisha kunyamaza hivyo mimi mwenyewe, katika nyumba ya Kikwajuni, mwaka 1993, na yeye ndiye aliyekuwa katika kanga.

Arobaini yangu ilikuwa arobaini kamili, na sitaki mtu asome maneno haya akadhani naidharau. Kwa siku arobaini sikushika ufagio, sikuchota maji, sikupika. Mama yangu alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kuanzia mgongoni hadi nyongani, akisoma kimoyomoyo. Nilifukizwa udi. Nililishwa bokoboko, supu ya kuku na mchuzi wa pweza, na uji wenye pilipili manga uliokuwa ukinitoa jasho la paji la uso. Tumbo langu lilifungwa mkaja, na mkaja, kama wajuavyo wasomaji wa pwani, si kitambaa tu. Ndilo jina la ile hidaya anayopewa mama wa bibi harusi siku ya kuozwa bintiye, ili akumbukwe kwamba naye aliwahi kufungwa tumbo kwa ajili ya huyu anayeondoka. Sijui lugha nyingine inayomlipa mama kwa kitambaa cha tumboni mwake baada ya miaka ishirini. Na lugha hiyohiyo ndiyo isemayo kwamba mwanamke "amejifungua", kisha siku ya pili ikamfunga.

Na tazama hesabu ya wazee ilivyokuwa karibu. Daktari atakwambia kwamba mara baada ya mtoto kutoka, mji wa mimba huwa na uzito wa kiasi cha kilo moja. Baada ya wiki moja hubaki kama nusu yake. Na huchukua takriban wiki sita kurudi chini ya gramu 100. Wiki sita ni siku 42. Waliotangulia hawakuwa na mizani ya gramu, lakini walikosea kwa siku mbili tu.

Lakini katika arobaini ile miguu yangu haikuwa na kazi. Kutoka kitandani hadi choo cha uani zilikuwa hatua ishirini na mbili. Nilizihesabu, kwa kuwa ndizo nilizokuwa nazo. Mama alinishika mkono kwenda na kurudi, kanga mbili kichwani nisipigwe na upepo, na nikisimama kidogo uani kutazama mbingu alinivuta. Wiki ya tatu nilikuwa nikilia bila sababu. Mama aliita upepo wa uzazi, akaongeza udi. Sikuwa na jina jingine la kumpa. Leo najua kwamba kulia kwa siku chache za mwanzo huwapata wazazi wengi, kisha hupita. Lakini kukizidi wiki mbili, mtu apelekwe kwa wahudumu wa afya, asipelekewe udi peke yake. Najua pia kwamba kutoka nje na kwenda kwa miguu humsaidia mtu wa hali ile, ingawa hakuchukui nafasi ya tabibu. Wakati ule nilijua hatua ishirini na mbili.

Wapo watakaodhani kwamba hapa nawaleta Wazungu waje kutukosoa. La hasha. Wazungu nao walikuwa wakiwalaza wake zao. Hadi miaka ya 1930 mzazi wa Uingereza au Marekani aliyejifungulia hospitali aliwekwa kitandani siku kumi, na pengine wiki mbili, na akithubutu kutia mguu chini aliambiwa atajiharibu. Kilichowainua hakikuwa hekima, bali upungufu. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, vitanda na wauguzi vikawa haba, wazazi wakaamshwa mapema ili wengine wapate pa kulala, na madaktari wakatazama, wakaona kwamba walioamshwa hawakudhurika. Walipata nguvu upesi zaidi. Sababu moja ni damu. Mwili wa mzazi huifanya damu yake igande kwa wepesi kuliko kawaida, nayo ni rehema, ili asitokwe na damu hadi kufa. Ila damu hiyohiyo, katika miguu iliyolazwa mno, yaweza kuganda ndani ya mshipa, na pande lake likisafiri hadi mapafuni, humwua mtu ghafla. Wiki sita za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Kwa hiyo mzazi anayevimba mguu mmoja na kuumwa na tafu, au anayebanwa na kifua, hasubiri arobaini iishe wala hakandwi. Hupelekwa hospitali saa ileile.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka kwa aya hizi zote.

Watu wa mashairi wa mji huu wamenijua kwa miaka mingi kuwa mshairi asiyesimama. Mashairi yangu yamesomwa na wengine katika hafla, yameghanwa redioni, na kila nilipoombwa nipande jukwaani nilikataa. Wakasema ni haya. Mmoja aliwahi kunisifu hadharani kwa hishima yangu ya kike, na wanawake wenzangu wakapiga vigelegele. Haikuwa haya, wala hishima. Tangu uzazi wangu wa kwanza mkojo ulikuwa ukinipotoka. Nikikohoa, nikicheka, nikinyanyua ndoo, nikipaza sauti. Na kughani, anayejua anajua, ni kazi ya pumzi itokayo chini kabisa. Nilikuwa nikikaa karibu na mlango katika kila maulidi na kila harusi, kanga ya pili ndani ya mkoba. Nilimficha mume wangu. Nilimficha mama yangu hadi alipofariki mwaka 2011. Muuguzi mmoja niliyemdokezea, baada ya uzazi wa pili, alicheka, akasema, "Hayo ndiyo madogo, Bi mdogo, ngoja upate wa tano." Sikumuuliza mtu mwingine kwa miaka kumi na mitatu.

Ni kijitabu kile kilichoniuliza. Nilikuwa nimekaa usiku na taa na kamusi, mwaka ule wa 2009, nikafika katika sehemu inayohusu misuli iliyo chini ya nyonga, ile inayobeba kibofu na mji wa mimba kutoka chini, ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa jina lenye maana ya sakafu. Ikasema kwamba misuli hiyo huchoka na kutanuka kwa mimba na uzazi. Kwamba kupotokwa na mkojo ni jambo linalowapata wanawake wengi. Kwamba si la kuvumiliwa. Kwamba kuna mazoezi, na kwamba hata baada ya miaka yanafaa. Baadaye nilisoma kwamba tabibu wa Marekani, Arnold Kegel, aliyaandikia makala tangu mwaka 1948. Mwaka 1948! Mama yangu alikuwa mtoto mchanga. Niliweka kalamu chini. Nilijisikia kama mtu aliyekwisha lipa deni kwa miaka kumi na sita, halafu akaoneshwa kwamba hakuwa akidaiwa.

Nilifasiri "sakafu ya nyonga", na mhariri aliona kichekesho. Mimi sikucheka. Nimekulia katika nyumba za mawe, najua sakafu ni nini. Sakafu yetu ya kale haikuwa bamba la saruji linalomwagwa kwa siku moja. Ni boriti za mikoko zilizopangwa, juu yake mawe na chokaa, kisha hupigiliwa kwa vibao vya mkono, siku baada ya siku, na wanawake waliopanga mstari wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka chokaa ishike. Boriti zikilegea sakafu hubonyea katikati, na hakuna zulia litakaloificha. Dawa yake si kuikimbia nyumba. Na yale mazoezi ni kupigilia kwenyewe: unavuta ndani na juu, kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, unahesabu taratibu hadi kumi ukiweza, unaachia, unapumzika, unarudia, mara tatu kwa siku, kwa miezi, wala si kwa wiki. Hakuna anayekuona. Nilikuwa nikiyafanya nikingoja daladala Darajani, uso wangu ukiwa wa mtu anayewaza bei ya samaki. Mwezi wa nne nilikohoa, nikasimama pale pale, nikakohoa tena kwa makusudi.

Haikuisha yote, na sitamdanganya mtu. Lakini nilipata tisa katika kumi ya niliyoyapoteza. Na hapo ndipo nilipoanza kwenda kwa miguu kwa nia, kwani kabla ya hapo kutembea mwendo wa haraka kulikuwa hatari nyingine. Hili vijitabu hulipita upesi: wanamwambia mwanamke atembee, wasimwulize kwa nini haendi.

Basi usiku ule wa siku ya kumi na moja nilikaa kitandani pa binti yangu, nikamweleza. Nilimweleza nikitazama ukutani. Alikuwa na miaka thelathini, mwalimu, mke wa mtu, mama sasa. Na uso wake ulipogeuka nikaona amekwisha elewa kwa nini mama yake hakuwahi kucheka kwa sauti. Akasema, "Ilikuwa kwa ajili yangu." Nikamwambia ilikuwa kwa ajili ya kutojua. Tukapatana.

Kwanza tulianza ndani. Kutoka chumbani hadi mlango wa mbele na kurudi, dakika tano, mara mbili kwa siku, nami mbele nikimbeba mtoto kama mwenye kuongoza maandamano. Siku tatu. Kisha ngazi, kushuka polepole, mkono ukutani, kupumzika kila kituo, na kupanda vilevile. Mishono ilipomuuma tulirudi. Damu ya nifasi ilipoongezeka siku moja na kuwa nyekundu upya, tulikaa nyumbani siku mbili, kwani hiyo ndiyo lugha ya mwili kusema umezidisha. Na ingejaa mno tungekwenda hospitali. Lau angekuwa amezaa kwa upasuaji nisingemwachia ngazi mapema hivyo bila neno la daktari, wala asingebeba kitu kizito kuliko mtoto. Mkaja aliukubali, kwa kulegezwa. Unategemeza mgongo, ingawa haufanyi kazi ya misuli yenyewe. Kukandwa alikupenda. Kwa hakika, hakukataa chochote katika arobaini isipokuwa mlango.

Mwisho wa wiki ya tatu tulikuwa tukitoka alfajiri, baada ya sala, wakati mji ungali baridi, mtoto akabaki na babu yake. Kutoka Michenzani kwenda Kisiwandui, hadi viwanja vya Mnazi Mmoja, panapofika upepo wa bahari. Chini ya ardhi ile zamani kulikuwa na mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na Darajani imebaki na jina la daraja ambalo maji yake yamefukiwa. Saa hizo hupita vijana wa vikundi vya mazoezi, wakikimbia kwa nyimbo na kupiga makofi, na hapo binti yangu aliongeza mwendo bila kujua, nami nikamvuta kanga.

Swali lilikuwa: mwendo gani unatosha? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mjamzito na mzazi asiye na kizuizi afikie kidogo kidogo dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Na wastani wapimwa vipi na mtu asiye na saa ya mapigo ya moyo? Wataalamu wanasema: mwendo unaoweza kusema lakini huwezi kuimba. Niliposoma hilo nilifurahi mno, kwani mwishowe nimepata kipimo kinachofaa kwa mshairi. Nikakijaribu. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani kumi na sita, vipande viwili vya mizani nane. Nikienda polepole, mshororo mzima hutoka kwa pumzi moja. Nikienda mwendo wa wastani, hutoka kipande, navuta pumzi, kikafuata cha pili. Kana kwamba waliopasua mshororo katikati walikuwa watembezi. Na pumzi ikikatika kabla ya kina cha kati, basi ni kukimbilia meli, mzazi na apunguze. Tulikwenda hivyo binti na mama, yeye akisema kipande, mimi namalizia. Mzee mmoja aliyekaa chini ya mivinje alitutazama, akaitikia salamu, kisha akasahihisha kina changu.

Maneno yalisemwa, msidhani hayakusemwa. Jirani wa chini, mama mwema, alinivuta kando: "Bi mkubwa, mzazi nje kabla ya arobaini? Au ndiyo mambo ya kizungu?" Nilimjibu kwamba nifasi ina hukumu zake katika sala na saumu, na hizo tunazishika, wala arobaini si eda. Mlango ni desturi, na desturi huzungumzika. Hakukinai. Lakini baada ya wiki mbili mkwewe alikuja kukiazima kile kijitabu.

Nilifikiri pia juu ya Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa mawaidha, na ndani yake akamfunza adabu za kutoka nyumbani: ruhusa, muda, macho na shiraa. Nimeusoma utenzi ule mara nyingi, na kila mara nilisimama kwenye mlango ule. Mwaka huu nilisimama kwenye jina. Kupona. Mama mgonjwa mwenye jina hilo, anamwandikia binti yote ayajuayo kabla ya wakati kumwishia. Huenda yako mambo ya mwili aliyomwambia kwa mdomo, chumbani, yasiyoingia katika vina. Nataka kuamini hivyo.

Na kabla sijajisifu kwa hatua zetu za Mnazi Mmoja, nimkumbuke mwanamke wa Paje au Jambiani. Kilimo cha mwani kilipoanza kuwa biashara hapa Unguja, mwaka 1989, kiliwashika wanawake zaidi, na mpaka leo ndio wengi humo. Nimemwona huko mzazi wa wiki ya nne ndani ya maji ya magoti, ameinama kwenye kamba, kisha akapanda pwani na gunia la mwani mbichi kichwani, kwa sababu maji ya bamvua hayangojei arobaini ya mtu. Ukimpa huyo kijitabu kinachomhimiza kutembea umemtukana. Yeye anachokosa ni ule upande mwingine: mama wa kumkanda, ndoo isiyo mkononi mwake, mtu wa kumwambia lala. Nilipendekeza tuwaandikie ukurasa wao. Nikaambiwa karatasi ni ghali.

Siku ya arobaini tulifanya kama inavyofanywa: mtoto akanyolewa, udi, wageni, mandazi. Binti yangu alikwisha kuwa anakwenda nusu saa bila kushika kiuno, na pale ukumbini alisimama akacheka na shoga zake kwa sauti ambayo niliisikia kutoka jikoni. Wakaniomba nighani. Nilighani beti tatu, nimesimama. Ya nne sikuifikisha, si kwa sababu ya mwili, bali mjukuu alilia.

Sasa anakwenda tete. Alisimama dede mwezi wa kumi, akashika kiti, akaachia, na hatua zake za kwanza zilikuwa sita. Mama yake alizihesabu.

Asasi ile imenitaka nipitie upya kijitabu kwa toleo jipya, na nimebakiwa na mapengo mawili. "Kutembea" nimefikiria kuandika "kwenda tete" kwa siku zile za mwanzo za mzazi, na baadaye tu "mwendo". Mhariri anasema tete ni ya watoto, mimi nasema aje atazame mzazi wa siku ya tatu anavyokwenda chooni. La pili ni ile sakafu. Bibi mmoja wa Micheweni aliniambia kwamba wakunga wa Pemba walikuwa na neno lao la misuli ile, ila amelisahau, na aliokuwa akiwauliza wamefariki. Kama yuko msomaji wa kurasa hizi, wa Pemba, Tumbatu, Makunduchi au Lamu, aliyewahi kulisikia kwa nyanya yake, namwomba aniandikie kupitia kwa mhariri. Kijitabu kinakwenda mtamboni baada ya Mfungo Mosi.